Linki Zilizobaki kwa Deo

Nyie wanangu, mkibofya kitu kwenye simu kikagoma kufunguka, mnasonya na kuhamia kwingine. Mie nilikuwaga nalipwa kwa hicho mnachokisonya. Kwa miaka kadhaa, mwishoni mwa ile ya tisini, kazi yangu pale Kinondoni ilikuwa kufufua linki zilizokufa. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, hakuielewa. Watu wakimuuliza mkeo anafanya kazi gani, anajibu, "Anashona kompyuta." Mwishowe niliacha kumsahihisha, maana hakuwa mbali sana na ukweli.

Niwaeleze kidogo tusije tukapotezana. Siku zile maofisi yalikuwa yameanza kupenda slaidi, zile kurasa za kompyuta zenye maandishi makubwa na picha, ambazo mtu anazionyesha ukutani huku akihutubia. Mwenye utundu alitega linki ndani yake, yaani neno ambalo ukilibofya linakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Kisha ikaja intaneti, na kila mtu akataka slaidi zake zigeuzwe kuwa kurasa za tovuti, ili azisome yeyote, hata asiye na programu ya slaidi. Kompyuta ilikuwa na amri ya kugeuza. Unabonyeza, inanguruma, inakutolea kurasa. Picha zinafika, maandishi yanafika. Linki ndizo zilizokuwa zikifia njiani.

Sikusomea kazi hiyo. Nilikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma, na wa umri wangu wanajua yaliyotupata. Tuliitwa ukumbini, tukaambiwa shirika linauzwa, asanteni kwa utumishi wenu. Nikarudi nyumbani Tandika, nikawa nakaanga vitumbua barazani asubuhi, na mchana nawapigia majirani barua za maombi ya kazi kwenye taipureta yangu kuukuu. Chumba cha uani tulikuwa na mpangaji, kijana wa Songea aitwaye Method, fundi wa kompyuta, mrefu hadi akiingia mlangoni anainama kama anayesalimia. Siku moja alisimama dirishani akinisikiliza nikigonga.

"Mama Saidi, shikamoo. Vidole vyenye mwendo huu ndivyo vinakaanga vitumbua?"

"Marahaba. Kwani vitumbua vina ubaya gani? Mbona wewe unavila?"

"Havina ubaya hata kidogo. Ila njoo ofisini kwetu Kinondoni. Tunatafuta mtu anayeandika bila kukosea herufi."

Nikaenda. Umri wangu ulikuwa umri wa mama yake, na yeye ndiye akawa mwalimu wangu. Sijapata mwalimu mpole kama yule. Ukikosea hanyakui kipanya mkononi mwako. Anakaa, anakunja mikono, anasema, "Rudi nyuma kidogo, tuone ulipoachia njia."

Na nilikosea, tena siku ya kwanza. Taipureta zetu za zamani nyingi hazikuwa na namba moja. Sie wapiga chapa tulitumia herufi L ndogo, na hakuna bosi aliyewahi kugundua. Basi nikaandika linki zangu za kwanza kwa mazoea yaleyale, slaidi ya kwanza, ya kumi, ya kumi na moja. Hakuna hata moja iliyofunguka. Method akasogeza uso kwenye kioo, akatazama, akatazama tena, kisha akaanza kucheka taratibu.

"Mama Saidi, hii moja yako siyo moja. Ni L."

"Kwani kuna tofauti?"

"Kwa macho yako hamna. Ila kompyuta haisomi kwa macho."

Ofisi nzima wakaniita Mama L hadi Ramadhani ilipoingia, wakaona haya wenyewe.

Mambo mawili aliyonifundisha Method bado yananisaidia mpaka leo ninapowapigia wajukuu kelele. La kwanza, linki ni anwani, na anwani lazima ieleweke na yule aliyesimama anapoisoma. Kila kompyuta ina sehemu yake ya kuhifadhia vitu inayoitwa C. Mtu akitengeneza slaidi kwake, linki inaandika kwa siri chini kwa chini: nenda C, ingia folda fulani, chukua faili fulani. Kwake inafunguka vizuri. Ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine, linki inasema vilevile nenda C, na ile kompyuta ya pili inajitazama tumboni mwake, haioni kitu, inakuletea tangazo la kosa. Dawa yake ni kukata mwanzo wote wa anwani na kubakisha njia inayoanzia pale pale ukurasa ulipo. Unafungua ukurasa kwenye programu ya maandishi matupu, unaona matumbo yake yote, unatafuta kila palipoandikwa C, unakata, unaunga. Mume wangu alisema nashona, mie nasema ndiyo.

La pili lilikuwa sheria: herufi ndogo tu. Kompyuta zetu za mezani zilichukulia "Damu" na "damu" kuwa ni kitu kimoja. Ile kompyuta kubwa ya tovuti, tuliyokuwa tukiipelekea kazi kwa waya wa simu, iliona ni watu wawili wasiojuana. Method alikuwa mkali kwa hilo peke yake. "Herufi ndogo, Mama Saidi. Hata likiwa jina la baba yako."

Sasa niwaambie habari za Mama Perpetua.

Alikuja ofisini asubuhi moja akitokea Kigamboni, kavuka na pantoni, kanga kajifunga kiunoni juu ya gauni, kipochi kakibana kwapani. Mama mtu mzima, mnene kidogo, mwenye viganja vipana. Alikuwa mwalimu wa wakunga, amestaafu. Alifundisha miaka mingi huko kwao Masasi, kisha huku. Nikamwamkia, akaitikia, akanitolea disketi kadhaa zilizofungwa kwa mpira.

"Mwanangu, humu mna somo langu. Chuo kimoja huko Temeke wamepewa kompyuta. Hazina hiyo programu ya slaidi, ila kurasa za intaneti zinasomeka hata bila waya wa simu. Wanataka somo liwemo kabla wanafunzi hawajatawanywa kwenda kwenye zahanati zao. Mwaka kesho watakuja wengine, na mie pumzi yangu imeshakuwa fupi. Mnaweza?"

"Tunaweza, mama. Somo la nini?"

"La mama anayevuja damu baada ya kujifungua."

Nikaziingiza disketi, nikafungua. Wanangu, nimeona slaidi nyingi maishani, za mabenki na za wafadhili, zimejaa mishale na rangi. Sijaona kama zile. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: Mama amejifungua. Damu inakuja kuliko kawaida. Kondo la nyuma limetoka? Chini yake maneno mawili, Ndiyo na Hapana, kila moja linki. Ukibofya unakwenda kwenye swali linalofuata. Mji wa mimba umelegea au umekaza? Kibofu kimejaa? Kuna mahali pamechanika? Kila jibu lina mlango wake.

"Nani alikufundisha kupanga hivi?" nikamwuliza.

"Mwanangu Deo. Mie nilikuwa nimeandika kama kitabu, mwanzo hadi mwisho. Akaniambia, mama, mgonjwa akiwa kitandani anavuja, mkunga atasoma sura ngapi? Anauliza, anajibu, anakwenda. Basi akanikalisha, nikawa namweleza kwa mdomo, yeye anatengeneza. Tulikuwa tunagombana!" Akacheka. "Kila swali lilikuwa faili lake, ananiambia tutaliunga, usijali, tutaliunga."

"Yuko wapi yeye? Ingekuwa vizuri aje, anajua alivyoviweka."

"Hayupo. Aliugua muda mrefu. Tumemzika mwezi wa Ramadhani yenu."

Nikasema pole, akaipokea kwa kichwa. Kompyuta ya Deo ilikuwa mali ya ofisi yake, wakaja kuichukua. Kilichobaki ni zile disketi.

Nikageuza mafaili, kazi ya asubuhi nzima. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikabofya Hapana, na ikatokea kama nilivyotegemea: tangazo la kosa, ukurasa haupo. Nikabofya Ndiyo, vilevile. Mama Perpetua alikuwa amevuta kiti kakaa kando yangu, kavaa miwani. Sura yake ikabadilika.

"Ndiyo kusema mkunga akifika hapa anaambiwa hakuna kitu?"

"Kwa sasa, mama. Linki zimekufa. Nitazifufua."

Nikamwonyesha. Ukiweka kipanya juu ya linki bila kubofya, chini kabisa ya kioo inatokea anwani inayokwenda. Nikaweka kipanya juu ya Hapana. Ikaandika C, halafu Deo, halafu Mama, halafu jina la faili. Kijana alikuwa na folda yenye jina lake, na ndani yake folda ya mama yake.

Akainama, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata. "Deo. Mama." Kisha akasema, "Weka kwenye nyingine." Nikaweka. Deo, Mama, faili jingine. "Na ile." Nikapeleka kipanya kwenye kila linki, ukurasa baada ya ukurasa, na kila mahali chini ya kioo palikuwa na Deo na Mama. Sikumharakisha. Mteja mwingine aliingia, Method akamchukua.

Alipotosheka alivua miwani. "Haya. Fanya kazi yako."

Nikafungua matumbo ya ukurasa kama nilivyofundishwa, nikaanza. Nikaipaka kivuli ile sehemu yote ya mwanzo, C na Deo na Mama, nikabonyeza kufuta. Zikatoweka. Likabaki jina la faili tupu, safi, sahihi kabisa kwa mujibu wa kazi. Nikaenda kwenye ya pili.

"Unamfuta?" akauliza.

Hakuuliza kwa kulaumu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua dawa inauma au haiumi.

Nikaondoa mikono kwenye vibonye. Nikamweleza habari ya anwani, kwamba linki imebaki inamtafuta kwake, kwenye kompyuta ile iliyochukuliwa, na kwamba isipokatwa mkunga hatafika popote.

"Naelewa," akasema. "Mie ni mtu wa kukata vitovu, mwanangu. Naelewa kabisa." Akageuza uso akatazama dirishani, kwenye paa la duka la jirani.

Ningeweza kuendelea. Kazi ilikuwa ya leo na alishanipa ruhusa. Lakini nikawa nimekaa natazama yale maneno kwenye kioo, na ndipo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Kinachoua linki ni C peke yake. Hilo ndilo jina la kompyuta isiyokuwepo. Deo na Mama ni folda tu, na folda naweza kutengeneza hata mie. Nikitengeneza folda mpya humu humu, nikaipa jina la Deo, ndani yake nyingine ya Mama, nikayaweka mafaili yote humo, linki zikaanzia hapo, zitafunguka popote duniani. Kwa kazi, ni mzunguko usio na faida. Method angesema folda za nini mbili wakati moja inatosha.

"Mama," nikamwambia, "nikimwacha je?"

Akageuka.

Nikamwonyesha. Nikarudisha ile niliyoifuta, nikakata C peke yake, majina nikayaandika kwa herufi ndogo, nikatengeneza folda, nikahamisha mafaili. Nikabofya Hapana. Ukurasa ukafunguka: Kondo halijatoka. Na juu ya kioo, kwenye kile kisanduku cha anwani, mwisho wa anwani yote pakasomeka deo, mama, kondo.

Alisogea mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo. Nikajua anasoma nini. Kisha ualimu ukamrudia.

"Mbona umemwandika kwa herufi ndogo? Jina la mtu huanza na herufi kubwa."

"Ni sheria ya ofisi, mama. Herufi kubwa zinaleta matatizo kwenye tovuti."

"Matatizo gani?"

"Ukiandika kubwa hapa na ndogo pale, linki inakufa."

"Na ukiandika kubwa kote?"

Nikafikiri. "Kote? Haifi."

"Basi si sheria ya herufi ndogo hiyo. Ni sheria ya kuwa makini."

Nikaanza upya, nikaweka D kubwa na M kubwa kwenye kila linki ya kila ukurasa. Mchana ulipita, tukaagizia chai na chapati, yeye akala, mie nikaiacha ikapoa. Method alipita nyuma yangu, akasimama.

"Mama Saidi. Kuna herufi kubwa humo."

"Naijua."

Akamtazama Mama Perpetua, akatazama kioo. Method mwenyewe alikuwa amezika kaka yake mwaka ule. Akainama, akavuta kiti.

"Basi ziwe hivyo kote, isiponyoke hata moja. Nisomee, mie nakagua." Tukakagua pamoja, mie nasoma anwani, yeye anafuata na kalamu. Moja ilimponyoka yeye mwenyewe, Mama Perpetua ndiye aliyeikamata.

Lakini kuna jambo jingine la kazi hapa, na hili mlishike, maana halijapitwa na wakati hata kidogo. Linki iliyokufa haidanganyi mtu. Inakwambia sina kitu, unatafuta kwingine. Ya kuogopwa ni ile inayofunguka mahali pasipo pake. Zile disketi zilipita kwenye kompyuta ya kizamani iliyokuwa ikikata majina marefu, ikibakiza herufi chache na namba. Kwa hiyo, kwenye kurasa za nyongeza za kujifungua kwenyewe, mafaili ya "Mtoto hajalia" na "Mtoto hajatoka" yalitufikia kama mapacha, yameanza sawa, moja lina namba moja, jingine mbili. Nikayafungua kuyatambua, kumbe yote mawili yanaanza na ukurasa ulioandikwa MTOTO tu, na mchoro. Nikaunga kwa kukisia. Nilipobofya, zote zilifunguka bila kosa, na mie na Method tukapeana mikono.

"Siyo hapa," akasema Mama Perpetua.

"Mbona imefunguka, mama?"

"Imefunguka, ndiyo. Ila hapa mkunga atakuwa anampulizia pumzi mtoto ambaye bado yumo tumboni mwa mama yake."

Method akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla. Tukazibadilisha. Tangu siku ile sikuwahi kukabidhi kazi bila kumkalisha mwenye somo kando yangu abofye mwenyewe kila kitu, hata akilalamika ana haraka. Mie najua kama mlango unafunguka. Yeye ndiye anajua chumba.

Wiki iliyofuata tulikwenda naye chuoni Temeke kuweka somo kwenye kompyuta. Zilikuwa chache, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za watu wakubwa. Wanafunzi walikuwa wasichana na wavulana wa mikoa mbalimbali, wengi wa kusini, wamevaa sare zilizopigwa pasi, wanabanana watatu watatu kwenye kiti. Baadhi yao ndiyo walikuwa wanashika kipanya kwa mara ya kwanza. Niliweka mafaili, nikajaribu linki moja kwenye kila kompyuta, nikakaa nyuma ukutani. Nilikuwa na wasiwasi kuliko siku ya harusi yangu.

Mama Perpetua akasimama mbele. "Haya. Mama amejifungua, damu inakuja kuliko kawaida. Mko peke yenu, daktari yuko mbali. Anzeni."

Wakaanza, wananong'onezana, wanabishana kama kondo limetoka au halijatoka. Nikawa naona kurasa zinafunguka moja baada ya nyingine. Halafu msichana mmoja wa mbele, mwembamba, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Huku juu pameandikwa Deo. Kila tukibofya ipo. Ndiyo nini?"

Mwenzake akasema, "Itakuwa kifupi cha kitu cha hospitali." Mwingine akaanza kukisia kirefu chake, darasa likacheka.

Nikainuka nusu pale ukutani. Nilikuwa na jibu la kifundi tayari, kwamba hilo ni jina la folda tu, wasilijali, waendelee na somo. Nilidhani namsaidia. Mama Perpetua akaninyooshea kiganja, nikae.

Akasubiri wanafunzi waache kucheka wenyewe.

"Deo ni mwanangu," akasema. "Mzaliwa wangu wa mwisho. Nilipomzaa nilivuja damu namna hiyo hiyo mnayoisoma hapo, na mkunga wa Masasi aliyeniokoa hakuwa na kompyuta, alikuwa na mikono yake. Mie nilimfundisha Deo kunyonya, na yeye ukubwani akanifundisha kubofya. Somo hili tumelitengeneza wawili. Amefariki. Nilikuwa sijui kama nitaweza kusimama hapa leo."

Yule msichana aliyeuliza akainuka, macho yamejaa, akasema, "Pole, mwalimu." Na darasa zima, wa mbele na wa nyuma, wakasema kwa pamoja, "Pole, mama." Wawili watatu walikuwa wanajifuta kwa mikono ya sare. Nami pale nyuma nilikuwa nimeufunika uso kwa ushungi.

Mama Perpetua aliwatazama wote, mmoja mmoja, akafuta uso wake kwa pindo la kanga. Kisha akapiga meza kwa kile kiganja chake kipana, tukashtuka wote.

"Asanteni. Sasa mama anavuja damu hapo mbele yenu, na nyie mnanitazama mie! Mji umelegea au umekaza?"

"Umelegea, mwalimu!"

"Basi bofyeni."

Wakabofya. Ikafunguka.